Kwa nini mpunga hukunja majani hali umesimama ndani ya maji, na homoni zinahusikaje?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa kilimo wa mwaka wa pili. Nimesoma kwamba homoni inayoitwa ABA hufunga stomata na kuuokoa mmea wakati wa ukame, lakini mambo mawili yananitatiza. Kwanza, nimewahi kuuona mpunga uliosimama ndani ya maji ukikunja majani mchana wa jua kali, kana kwamba una kiu. Pili, ikiwa ABA huzuia maji yasipotee, kwa nini wataalamu wasizalishe mpunga wenye ABA nyingi zaidi, au wakulima wakainyunyiza shambani? Na je, ipo jeni moja inayoweza kuitwa jeni ya ukame?

Jibu: Ulichokiona shambani ni sahihi, na ningependa tuanzie hapo, kwa sababu anayeelewa kwa nini mpunga huona kiu ukiwa majini ameshavuka nusu ya safari ya kulijibu swali lako la pili. Kiasi cha maji kilichomo ndani ya jani kwa wakati wowote hutokana na mizani ya mambo mawili: kasi ya maji yanayoingia kutoka mizizini na kasi ya maji yanayotoka kuelekea hewani. Zaidi ya asilimia 95 ya maji yanayofyonzwa na mmea hayabaki ndani yake, bali hupita tu na kutoka kama mvuke kupitia stomata, yaani vile vitundu vidogo vya jani ambavyo pia ndivyo njia ya kuingizia hewa ya kaboni dioksidi. Kwa hiyo mmea hauulizi kuna maji kiasi gani shambani. Unaloweza kulihisi ni kama maji yanafika kwenye jani kwa kasi ile ile yanayoondokea, na saa ya jua kali, hewa kavu na upepo, mpunga unaweza kushindwa katika mbio hizo hata miguu yake ikiwa imelowa.

Sababu ya kushindwa huko iko mizizini. Mzizi wa mpunga umeumbwa kuishi katika matope yasiyo na oksijeni, na maumbile hayo yana gharama yake. Ndani ya gamba la mzizi kuna mianya ya hewa inayopeleka oksijeni kutoka shinani hadi kwenye ncha, na upande wa nje kuna tabaka la seli zenye kuta ngumu na suberini, yaani aina ya mafuta magumu inayozuia oksijeni hiyo isivuje na sumu za matope zisiingie. Kizuizi kinachobakiza hewa ndani hukwamisha pia maji yanayotaka kuingia. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba mzizi wa mpunga hupitisha maji kwa ugumu zaidi kuliko mzizi wa mahindi. Ongeza juu ya hilo kwamba sehemu kubwa ya mizizi ya mpunga wa majaruba hukaa katika sentimita 20 hadi 30 za juu za udongo, nawe utaona kwa nini mmea huu, ambao watu wengi huudhania kuwa bingwa wa maji, kwa kweli ni miongoni mwa nafaka zinazoathiriwa upesi na ukame.

Hapa ndipo jeni zinapoingia kwa mara ya kwanza, kabla hata hatujaitaja ABA. Maji yanayopenya kutoka seli moja hadi nyingine hupita kwenye protini za utando wa seli zinazoitwa akwaporini, ambazo ugunduzi wake ulimpatia Peter Agre Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2003. Katika jenomu ya mpunga, yaani jumla ya DNA yake, zimetambuliwa jeni 33 za familia hii, na kila moja ina mahali na wakati wake wa kufanya kazi. Baadhi ya zile za mizizini hufuata mwendo wa siku: shughuli yake hupanda kunapopambazuka, hufikia kilele baada ya saa 3 hivi za mwanga, kisha hushuka giza linapokaribia. Maana yake ni kwamba mzizi hauwezi kufananishwa na bomba lenye upana usiobadilika, kwa kuwa ni lango ambalo mmea hulipanua na kulibana kulingana na mahitaji ya majani. Hata hivyo upanuzi huo una kikomo, na mahitaji ya adhuhuri yakikipita kikomo hicho, seli kubwa zilizopangwa kwa mistari kwenye ngozi ya juu ya jani hupoteza maji na kunywea, jani hujikunja kama mkeka, eneo linalopigwa na jua hupungua, na mvuke unaotoka hupungua nao. Jua linapotua mizani hurudi sawa na jani hukunjuka. Mkunjo wa namna hiyo si dalili ya ugonjwa, na usikushawishi kuongeza maji katika jaruba ambalo tayari limejaa.

Sasa tuje kwenye upande wa kutoka. Kila kitundu cha stomata kimezungukwa na seli mbili linzi, ambazo katika nafaka kama mpunga ni nyembamba katikati na zimevimba kwenye ncha zake, zikisaidiwa na seli nyingine mbili za pembeni. Umbo hilo huziwezesha kufungua na kufunga kwa haraka kuliko stomata za mimea mingi ya majani mapana. Seli linzi zikijaa ayoni za potasiamu na maji, kitundu hufunguka; zikizitoa ayoni hizo, maji huzifuata kwa osmosisi, seli hunywea, na kitundu hufungwa. Asidi ya absisiki, ambayo kwa kifupi huitwa ABA, ndiyo inayotoa amri ya kufunga.

Namna amri hiyo inavyosafiri ndani ya seli ilifahamika vizuri kuanzia mwaka 2009, pale vipokezi vyake, ambavyo huandikwa kwa herufi PYL, vilipotambuliwa na makundi ya watafiti yaliyofanya kazi kila moja peke yake. Ukiutazama mfumo huo kwa makini utaona kwamba ni mfumo wa kuondoa kizuizi, na jambo hilo ni muhimu kwa swali lako. Wakati maji yanatosha, kundi la vimeng'enya viitwavyo PP2C hukivizia kimeng'enya cha aina nyingine, SnRK2, na kukinyamazisha. ABA inapoongezeka hujishika kwenye kipokezi cha PYL, kipokezi hicho humkamata PP2C, na SnRK2 huachwa huru kufanya kazi yake. Katika mpunga kundi la SnRK2 lina wanachama 10, waliopewa majina kuanzia SAPK1 hadi SAPK10. Mmojawapo akiachiwa ndani ya seli linzi hufungua mlango wa ayoni hasi uitwao SLAC1, chaji ya utando hubadilika, potasiamu hutoka, na stomata hufungwa. Ndani ya kiini cha seli, SnRK2 hizo hizo huamsha protini zinazowasha jeni nyingine nyingi: za kutengeneza sukari na asidi amino zinazobakiza maji ndani ya seli, za protini zinazolinda utando wa seli usipasuke unapokauka, na za nta inayofunika jani.

ABA yenyewe hutengenezwa kutokana na karotinoidi, rangi za jamii ile ile inayoipa karoti umanjano wake. Hatua inayoamua kasi ya utengenezaji huo husimamiwa na vimeng'enya vya kundi la NCED, na katika mpunga jeni ya OsNCED3 ni mojawapo ya zinazoamka ukavu unapoingia. Upande wa pili kuna vimeng'enya vinavyoivunja ABA, ambavyo jeni zake huitwa OsABA8ox. Kiwango cha homoni hii, kama kile cha maji yenyewe, ni tofauti kati ya kinachotengenezwa na kinachovunjwa, na mmea hucheza na pande zote mbili.

Kwa nini basi tusiiongeze tu? Kwa sababu kitundu kinachotoa maji ndicho kinachoingiza chakula. Stomata zikifungwa, kaboni dioksidi haiingii, usanisinuru hupungua, na jani lililokosa upoozaji wa mvuke hupata joto. Gharama hii imepimwa, na matokeo yake ni ya wazi kiasi kwamba mimi huwashauri wanafunzi wayajue kabla ya kusoma kingine chochote juu ya mada hii. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, mpunga uliotiwa nakala zenye nguvu zaidi za kipokezi kimoja cha ABA ulistahimili ukame na chumvi vizuri kuliko mpunga wa kawaida, lakini ulipopandwa katika jaruba lenye maji ya kutosha ulidumaa na kutoa punje chache. Mwaka 2018 kikundi kingine kilifanya kinyume chake: kwa kutumia mbinu ya kuhariri jeni walivizima vipokezi vitatu, PYL1, PYL4 na PYL6, kwa pamoja, na mpunga huo wenye usikivu mdogo wa ABA ulikua vizuri zaidi na kuzaa punje nyingi zaidi shambani. Ukiyaweka matokeo hayo mawili kando kwa kando, unaona kwamba ABA ni breki ambayo mpunga hutembea nayo hata katika siku njema, ikiwa imekanyagwa kidogo. Kuikanyaga zaidi kwa mmea mzima, msimu mzima, ni kulipa bima ya hasara ambayo huenda isitokee.

Kuinyunyiza shambani kuna tatizo la ziada. ABA ya asili hubadilika umbo ikipigwa na mwanga mkali wa jua na kupoteza nguvu, na ile inayofanikiwa kuingia ndani ya jani huvunjwa upesi na vile vimeng'enya vya OsABA8ox nilivyovitaja, ambavyo huamka kadiri homoni inavyoongezeka. Inaweza kusaidia kwa muda mfupi, kwa mfano kupunguza mshtuko wa miche inapohamishwa, lakini haiwezi kuwa ngao ya wiki nyingi.

Lipo tena jambo moja linalonifanya niwe mwangalifu sana na wazo la kuongeza ABA kiholela, nalo ni kipindi cha mpunga kubeba mimba na kuchanua. Huu ndio wakati ambao ukame wa siku chache unaweza kuharibu kazi ya miezi mitatu. Chembe za poleni zinapogawanyika ndani ya ua changa zinahitaji sukari kwa wingi, na sukari hiyo hufikishwa na tabaka la seli linalozilea. Ushahidi uliokusanywa katika mpunga uliopatwa na baridi na katika ngano iliyopatwa na ukame unaonyesha kwamba ABA ikijilimbikiza ndani ya kifuko cha poleni, jeni zinazohusika na kuileta na kuipasua sukari hiyo huzimwa. Poleni hufa njaa, ua halitungi, na mkulima hubaki na mapepe. Wakati huo huo suke lenyewe linahitaji homoni nyingine, jiberelini, ili kirefushwe kipingili cha mwisho cha bua kinachosukuma suke nje ya ala ya jani. Ukavu hupunguza urefukaji huo, na suke ambalo halikutoka lote huacha sehemu ya maua yake ndani ya ala, mahali ambapo hayawezi kufunguka wala kuchavushwa. Homoni ile ile inayolinda jani inaweza kulidhuru ua. Ndiyo sababu naona swali la ABA nyingi au chache halitoshi. La kuuliza ni ABA iko katika tishu gani, na katika umri gani wa mmea.

Tukiuliza hivyo, historia ya jeni zilizofanikiwa inaeleweka vizuri zaidi. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Huazhong, mjini Wuhan nchini China, walitangaza jeni ya SNAC1, ambayo ukame huiamsha hasa ndani ya seli linzi. Mpunga ulioongezewa jeni hiyo ulifunga stomata nyingi zaidi na kupoteza maji polepole, na chini ya ukame mkali wa kipindi cha uzazi ulijaza punje kwa asilimia 22 hadi 34 zaidi ya mpunga wa kulinganishia, bila kuonyesha upungufu wa mavuno katika hali nzuri. Tofautisha matokeo hayo na yale ya mwaka 2014 niliyoyataja. Moja ya tofauti ninazoziona ni kwamba SNAC1 haikugusa kipokezi kinachotumika kila mahali, bali iliimarisha hatua ya mbele zaidi katika mnyororo.

Mfano ulio safi zaidi, kwa maoni yangu, ni wa OsNAC10 wa mwaka 2010, kwa sababu jeni ilikuwa moja na kilichobadilishwa ni promota yake tu, yaani kile kipande cha DNA kinachoamua jeni iwake wapi. Kundi moja la mimea lilipewa promota inayoiwasha OsNAC10 mwilini mote, na kundi la pili likapewa promota inayoiwasha mizizini peke yake. Yote mawili yalistahimili ukame yakiwa machanga. Lakini shambani, ukame ulipokuja wakati wa uzazi, kundi la mizizini lilitoa mavuno ya asilimia 25 hadi 42 zaidi ya mpunga wa kawaida, ilhali kundi la mwili mzima halikuwa na faida yoyote ya mavuno. Mizizi ya kundi lile lililofaulu ilikuwa minene zaidi. Nakuomba uyakumbuke matokeo haya kila unapokutana na habari kwamba jeni fulani imeongeza ustahimilivu wa ukame, kisha uulize: ni miche iliyonusurika ndani ya chungu, au ni punje zilizojaa shambani?

Homoni nyingine nazo zina sehemu yake, ingawa hazina sifa ya ABA. Sitokinini, ambazo kwa sehemu hutengenezwa mizizini na kupanda juu pamoja na maji, hupungua udongo unapokauka, na kupungua huko huliongezea jani usikivu kwa ABA na kuharakisha uzee wake. Jeni iitwayo DST inaonyesha jinsi nyuzi hizi zilivyosokotana. Ilitambuliwa mwaka 2009 kama jeni inayozuia stomata zisifungwe: huwasha vimeng'enya vinavyosafisha peroksidi ya hidrojeni, na kwa kuwa kemikali hiyo ni miongoni mwa ishara zinazofunga stomata, mpunga uliopoteza DST hujilimbikizia peroksidi ndani ya seli linzi, hufunga vitundu vyake mapema, tena huwa na vitundu vichache kwa kila eneo la jani. Mwaka 2013 ikafahamika kwamba DST hiyo hiyo huwasha pia OsCKX2, jeni ya kimeng'enya kinachoharibu sitokinini kwenye chipukizi la suke. Aina fulani ya DST iliyodhoofika ilipunguza uharibifu huo, sitokinini zikaongezeka, na suke likazaa punje nyingi zaidi. Jeni moja, basi, inagusa kiasi cha maji kinachopotea kupitia jani na idadi ya punje kwenye suke, na inafanya hivyo kupitia njia mbili tofauti kabisa.

Homoni ya auksini, kwa upande wake, huamua mzizi uelekee wapi. Aina ya mpunga wa nchi kavu kutoka Ufilipino, Kinandang Patong, huzamisha mizizi yake chini sana, tofauti na IR64, aina maarufu ya majaruba, ambayo mizizi yake hutambaa karibu na uso wa udongo. Mwaka 2013 watafiti wa Japani waliitambua jeni inayochangia tofauti hiyo, wakaiita DRO1. IR64 imepungukiwa na herufi moja tu ya DNA ndani ya jeni hiyo, na protini inayotokana nayo hukatika kabla ya mwisho. DRO1 hufanya kazi kwenye ncha ya mzizi, ikisaidia upande mmoja wa ncha kurefuka kuliko mwingine ili mzizi upinde kuelekea chini, na auksini hupunguza shughuli yake. IR64 iliyorudishiwa DRO1 nzima kwa njia ya kawaida ya kuzalisha mbegu ilizamisha mizizi yake, na katika ukame mkali iliendelea kujaza sehemu ya punje zake pale ambapo IR64 ya awali karibu haikuambua kitu. Faida hii, bila shaka, hutegemea kuwepo kwa maji chini. Katika udongo mfupi ulio juu ya mwamba, mzizi mrefu hauna pa kwenda.

Njia nyingine haigusi kufunga na kufungua, bali idadi ya vitundu. Jeni ya OsEPF1 hutengeneza protini ndogo inayozuia seli changa za jani zisigeuke kuwa stomata. IR64 iliyoongezewa nguvu ya jeni hiyo, katika utafiti wa mwaka 2019, ilitumia asilimia 60 tu ya maji ya kawaida kati ya wiki ya 4 na ya 5 tangu kuota. Nta ya jani na silikoni nazo husaidia kwa kupunguza mvuke unaopita nje ya stomata. Inastahili kukumbukwa kwamba mlango unaoingizia silikoni mzizini, Lsi1, uliotambuliwa mwaka 2006, ni wa ukoo ule ule wa akwaporini.

Umeuliza kuhusu ABA kana kwamba ongezeko lake ni lazima litoke maabara, lakini upo mfano mmoja wa kuiongeza kwa kiasi na kwa wakati wake bila kugusa jeni yoyote. Katika utaratibu wa kulowesha na kukausha jaruba kwa zamu, maji huachwa yashuke hadi sentimita 15 chini ya uso wa udongo kabla ya kujazwa tena. Ukavu huo mwepesi, ukifanyika punje zinapojaa na si wakati wa kuchanua, huinua ABA kidogo ndani ya punje na mabua, na huchochea sukari iliyohifadhiwa kwenye bua ihamie kwenye punje ambazo vinginevyo zingebaki nusu. Ukavu ukizidi, jani hufa mapema na faida yote hupotea. Jeni hapa hazikubadilika. Ni wakati na kipimo tu.

Kuhusu jeni moja ya ukame, jibu langu ni kwamba haipo, na mfano ninaoupenda zaidi kwa hoja hii ni jeni ambayo ilitafutwa kwa ajili ya mafuriko. Mpunga ukizama wote, ethilini unayoitoa, ambayo ni homoni iliyo gesi, hubaki ndani ya tishu zake, kwa sababu gesi husafiri ndani ya maji polepole mara 10,000 hivi kuliko hewani. Ethilini hiyo huamsha OsABA8ox1, ABA huvunjwa, breki huachiwa, na jiberelini huusukuma mmea urefuke kuufuata uso wa maji. Mafuriko yakiwa marefu, mpunga wa kawaida huimaliza akiba yake ya sukari katika mbio hizo na kufa. FR13A, aina ya kienyeji kutoka jimbo la Odisha nchini India, hufanya kinyume: hutulia na kungoja, kwa muda unaofikia wiki mbili. Siri yake, iliyotambuliwa mwaka 2006, ni jeni ya SUB1A, ambayo huzibakiza kwa wingi protini zinazozuia jiberelini isifanye kazi.

Maji yanaposhuka, mmea uliokaa gizani na bila oksijeni hujikuta ghafla kwenye jua na upepo, huku mizizi yake ikiwa haijarudia uwezo wake wa kuvuta maji. Majani hujikunja na kukauka ndani ya saa chache, katika udongo uliojaa maji, kwa sababu ile ile iliyoukunja mpunga uliouona mchana ule, ila kwa ukali zaidi. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba mimea yenye SUB1A hupona vizuri zaidi katika saa hizo pia: jeni hiyo huongeza usikivu wa mmea kwa ABA, hupunguza maji yanayopotea majanini na huimarisha ulinzi dhidi ya kemikali haribifu za oksijeni. Mimea hiyo ilinusurika vizuri zaidi hata ilipokaushwa bila kuzamishwa kwanza.